Kuipunguzia Nyumba Mizigo Kabla ya Kuipanga kwa Fengshui

Watu wengi huianza fengshui kutokea mwisho. Hununua chemchemi ndogo ya mezani, njuga za kulia kwa upepo na kioo cha pembe nane, wakavitundika katika chumba ambacho tayari hakina pa kupitishia mguu, kisha wakashangaa kwamba hakuna kilichobadilika isipokuwa idadi ya vitu vya kufutwa vumbi. Mwongozo huu unafuata mpangilio ulio kinyume cha huo: kwanza kutoa, pili kusafisha na kutengeneza vilivyoharibika, tatu kupanga, na kuongeza kitu kipya mwishoni kabisa, endapo haja itakuwa bado ipo. Mara nyingi haja hiyo huwa imekwisha yenyewe.

Kinachotafutwa hasa

Jina fengshui limeundwa kwa maneno mawili ya Kichina, feng yaani upepo, na shui yaani maji. Elimu hiyo ilianza na uchaguzi wa mahali pa kuzika na pa kujenga, si na upangaji wa makochi. Andiko la kale kuhusu makaburi, ambalo kwa desturi huhusishwa na mwanazuoni Guo Pu aliyeishi kati ya mwaka 276 na 324, linaeleza kuwa chi, yaani ile pumzi inayoaminiwa kupita katika kila kitu, hutawanyika ikichukuliwa na upepo na husimama inapofika penye maji. Kutokana na wazo hilo, mahali pema ni pale ambapo chi hufika, ikatulia kidogo, kisha ikaendelea na safari yake, bila kupita mbio kama upepo wa ushoroba na bila kutuama kama maji ya dimbwi.

Ni vyema kusema waziwazi kwamba hakuna chombo cha kisayansi kilichowahi kuipima chi, na kwamba anayehamisha kitanda kwa kutarajia fedha atasubiri sana. Hata hivyo, yapo mambo ambayo kila mtu anaweza kuyahakiki kwa macho, pua na masikio yake: kama hewa inazunguka, kama mwanga unafika, kama miguu ina njia, kama kelele zimepungua, na kama aliyeketi anaweza kumwona anayeingia bila kushtuka. Neno "nishati" kwa Kiswahili hupeleka mawazo kwenye umeme, kwa hiyo hapa litaepukwa. Inapotajwa nguvu ya nyumba, maana yake ni jinsi nyumba inavyompokea mtu anapoingia na inavyomwacha anapoamka.

Sheria nyingi za fengshui zinaeleweka vizuri zaidi zikirudishwa zilikotoka. Kaskazini mwa China, wakati wa majira ya baridi, pepo kali huvuma kutoka kaskazini, na jua la mchana huwa upande wa kusini. Ndiyo maana nyumba njema ilikuwa ile iliyoipa kaskazini mgongo na kuelekeza uso wake kusini, ikiwa na mlima nyuma na uwazi wenye maji mbele. Wataalamu wa kale waliupa kila upande mnyama wake: kobe mweusi nyuma, ndege mwekundu mbele, joka kushoto na chuimilia mweupe kulia. Anayeishi mbali kusini mwa Ikweta, ambako jua la mchana huwa upande wa kaskazini, akinakili maelekezo hayo kama yalivyo atajinyima mwanga uleule ambao sheria ilikusudia kumpa. Aliye karibu na Ikweta naye anasumbuliwa zaidi na jua la magharibi linalochoma ukuta alasiri kuliko na upepo wa baridi. Katika mambo ya uelekeo, basi, ifuate sababu, usiufuate mshale wa dira.

Kuitembea nyumba kama mgeni

Kabla ya kugusa chochote, chora ramani ya nyumba kwenye karatasi moja. Haihitaji vipimo, milango, madirisha na samani kubwa vinatosha. Kisha toka nje, chukua beseni pana kwa mikono miwili, uingie nalo kupitia mlango wa mbele na ulifikishe katika kila chumba. Kila mahali unapolazimika kugeuka ubavu, kuliinua beseni juu ya kichwa au kusukuma kitu kwa goti, weka alama kwenye ramani. Zoezi hili linachekesha wanaolitazama, lakini linafichua kwa muda mfupi mambo ambayo jicho limeyazoea kiasi cha kutoyaona tena.

Rudia safari hiyo mara ya pili bila beseni, ukiangalia mambo mengine matatu: mahali penye harufu ya unyevu au kuvu, mahali ambapo hata mchana ni lazima kuwasha taa, na mahali unapojikuta ukiharakisha kupita. Hilo la tatu lisipuuzwe. Mwenye nyumba hujua, hata asipoweza kueleza, ni kona gani inayomchosha.

Kazi ya kutoa

Usianze na stoo. Kila kilichomo stoo kiliwahi kushinda hoja ya kutupwa, na kushindana nacho tena siku ya kwanza kutakumalizia nguvu bure. Anza na eneo la mlango wa mbele, kwa kuwa ndilo ambalo fengshui hulihesabu kuwa kinywa cha chi, na pia kwa sababu nyepesi zaidi: matokeo yake utayaona kila unapoingia na kutoka, nayo yatakupa ari ya kuendelea.

Marie Kondo, mshauri maarufu wa Japani katika kazi hii, hufundisha kupanga kwa aina ya kitu badala ya kwa chumba, yaani nguo kwanza, kisha vitabu, karatasi, vitu vidogo vidogo, na mwishoni vitu vya kumbukumbu. Hoja yake ina uzito, kwa sababu nguo za mtu mmoja zinaweza kuwa katika sehemu nne za nyumba, na asipozikusanya pamoja hawezi kujua kwamba ana mashati kumi na saba. Hata hivyo, katika nyumba ndogo yenye watu wengi, kumwaga nguo zote juu ya kitanda saa nane mchana ni kujitafutia usiku wa kulala sakafuni. Ushauri wangu ni kuifuata njia hiyo kwa nguo na karatasi tu, na kwa vingine vyote kwenda eneo moja baada ya jingine, kwa vipindi ambavyo unajua utavimaliza: droo moja, rafu moja, upande mmoja wa kabati.

Katika kila kipindi, toa kila kitu nje, pangusa mahali palipobaki wazi, kisha gawa mafungu manne: vinavyobaki, vinavyokwenda kwa mtu mwingine, vinavyopelekwa kwa fundi, na vinavyotupwa. Fungu la fundi ndilo lenye hila. Pasi mbovu iliyokaa miaka mitatu ikisubiri fundi haisubiri fundi tena. Imekuwa mkazi wa nyumba. Kila kitu cha fungu hilo kipewe siku yake ya kupelekwa, na siku hiyo ikipita, kihamie fungu la nne.

Hapa ndipo wengi hujitetea kwa methali isemayo akiba haiozi. Lakini akiba ni kitu ambacho mwenyewe anajua kiasi chake, mahali kilipo na kazi yake. Kitu ambacho amesahau kuwa anacho hakijawa akiba, na kwa hakika huoza: nguo huliwa na nondo, karatasi huliwa na mchwa, mpira hukauka ukapasuka, betri huvuja ndani ya redio, dawa hupitwa na wakati. Kwa kitu unachokionea shaka, jiulize ulikitumia lini mara ya mwisho, na kama utakihitaji tena, itakuchukua muda gani kukipata kwa kuazima au kununua. Kamba ya kuvutia gari haitumiki mara nyingi, lakini siku ikihitajika haina mbadala barabarani, kwa hiyo ibaki. Vifuniko kumi na vinne vya plastiki visivyo na vyombo vyake havina utetezi wowote.

Karatasi zinahitaji uangalifu zaidi kuliko vikorokoro vingine, kwa sababu kosa lake halirekebishiki kwa urahisi. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya masomo, hati za umiliki, mikataba inayoendelea, kumbukumbu za matibabu na nyaraka za kodi ambazo sheria ya nchi inataka zihifadhiwe viwekwe katika bahasha au jalada moja linalojulikana na zaidi ya mtu mmoja nyumbani. Zinazobaki, kama vile risiti zilizofifia, miongozo ya vifaa ambavyo havipo tena na bahasha za zamani, ziondoke. Zile zenye namba za akaunti au sahihi zichanwe vipande vidogo kwanza.

Vitu vya marehemu viachwe mwisho, na pasiwe na haraka. Wafuasi wengi wa fengshui huonya dhidi ya kuzungukwa na vitu vinavyomrudisha mtu katika huzuni, na onyo hilo lina busara, lakini huzuni haiamriwi kwa kalenda. Washirikishe ndugu wengine wenye haki ya kuvigusa. Kwa kawaida, saa moja ya mkononi inayovaliwa au kikombe kimoja kinachonywewa kila asubuhi hubeba kumbukumbu vizuri zaidi kuliko magunia mawili yaliyofungwa ambayo hakuna anayethubutu kuyafungua.

Ipo kanuni moja ambayo kuivunja huharibu kazi yote: usitupe cha mwenzako. Mke, mume, mzazi au mtoto ambaye atakuta vitu vyake vimetoweka hatauonja wepesi wowote ndani ya nyumba hiyo, bali ataanza kuficha. Shughulika na vyako kwanza, na mara nyingi wengine hufuata baada ya kuona tofauti. Wakikataa, wapewe kabati au kona yao yenye mpaka ulio wazi, na ndani ya mpaka huo wabaki na uamuzi wao.

Mafungu yanayotoka yatoke siku hiyohiyo. Gunia lililofungwa vizuri na kuachwa ushorobani bado ni mrundikano, na baada ya siku tatu mtu atalifungua kutafuta kitu. Betri, rangi na dawa zilizopitwa na wakati zisichanganywe na taka za kawaida wala kumwagwa chooni, bali zipelekwe mahali panapopokea taka za aina hiyo, na kwa dawa, duka la dawa ndiko kwa kuulizia kwanza. Simu na kompyuta zinazotolewa zifutwe taarifa zote na kuondolewa kadi kabla ya kumfikia mtu mwingine.

Na kuhusu uvunguni mwa kitanda: fengshui hutaka pawe wazi, ili chi izunguke pande zote za aliyelala. Mwenye nyumba isiyo na stoo hawezi kutii amri hiyo kikamilifu, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi paruhusiwe vitu laini vya kulalia tu, kama shuka na blanketi za ziada, ndani ya masanduku yenye vifuniko yanayovutika kirahisi ili sakafu ifagiliwe. Viatu, vyuma vya zamani na karatasi za madeni vitafutiwe mahali pengine.

Kusafisha na kutengeneza

Familia nyingi za Kichina husafisha nyumba nzima kabla ya mwaka mpya wa jadi, na siku ya kwanza ya mwaka wenyewe huepuka kufagia wasije wakafagilia bahati nje. Desturi hiyo inaonyesha mpangilio uleule: uchafu hutangulia kutoka, heri huja baadaye. Baada ya kupunguza vitu, osha madirisha, kwa kuwa kioo chenye vumbi huiba mwanga mwingi kuliko inavyodhaniwa, kisha pita na orodha ya mambo madogo yanayokera: bawaba zinazolia, bomba linalodondosha, balbu iliyoungua, saa iliyosimama, kitasa kinachozunguka bure. Fengshui huviita vitu hivyo mivujo ya chi. Hata asiyeamini chi atakubali kwamba bomba linalodondosha usiku kucha humwibia mtu maji na usingizi kwa pamoja.

Kupanga

Mlango wa mbele ufunguke hadi mwisho wake bila kugonga rafu ya viatu. Mbele yake pawe na mwanga, na kitu cha kwanza kinachoonekana kisiwe ndoo ya taka wala lundo la makoti. Ikiwa mlango huo unatazamana moja kwa moja na mlango wa nyuma au dirisha kubwa, fengshui husema chi huingia na kutoka bila kumsalimu mtu, na hushauri kuweka mmea, kabati fupi au pazia jepesi katikati. Hapa elimu hii inagongana na ile ya ujenzi, ambayo husifu madirisha yanayotazamana kwa sababu hupitisha hewa na kupunguza joto. Kwangu mimi hewa inashinda. Mmea uwekwe pembeni kidogo ili uvunje mwendo wa upepo usipeperushe karatasi, lakini madirisha yaendelee kufunguliwa yote mawili.

Kitanda ndicho kinachostahili kufikiriwa zaidi, kwa sababu hapo mtu hukaa karibu theluthi ya maisha yake akiwa hana ulinzi. Sheria inayokubaliwa na karibu shule zote za fengshui ni kwamba aliyelala aweze kuuona mlango bila kuwa katika mstari wake, na kwa hiyo kitanda huwekwa upande wa chumba ulio mbali na mlango, mshazari kwake, mchago ukiegemea ukuta mzima. Kulala miguu ikielekea moja kwa moja mlangoni huepukwa, kwa kuwa hufananishwa na jinsi maiti anavyotolewa. Mchago usiwe chini ya dirisha ikiwa upo ukuta mwingine, na juu yake pasiwe na rafu nzito wala boriti iliyo wazi. Hofu ya boriti ni ya fengshui, ila hofu ya rafu ni ya yeyote aliyewahi kuona msumari ukilegea. Wanaolala wawili waache nafasi ya kupita pande zote mbili, ili yule wa ukutani asilazimike kumruka mwenzake usiku. Chumba kikiwa na umbo lisiloruhusu haya yote, shika jambo moja tu, yaani kuuona mlango, hata kama ni kwa kioo kidogo.

Meza ya kazi hufuata kanuni ileile: mgongo kwenye ukuta, uso kuelekea chumba, dirisha ubavuni. Anayeketi mgongo ukiwa mlangoni hugeuka kila anaposikia hatua za mtu, na umakini wake hukatika.

Kioo huzidisha kile kinachoonekana ndani yake. Kielekezwe penye mwanga au mandhari nzuri, kisielekezwe kwenye lundo, na kisitazamane na kitanda, kwani mwendo wa kivuli chako mwenyewe gizani unaweza kukushtua unapoamka nusu usingizini. Kingo kali za samani zinazoelekea mahali pa kuketi au kulala huitwa mishale ya sumu, na imani hiyo si ndogo: Jengo la Benki ya China mjini Hong Kong, lililosanifiwa na I. M. Pei na kukamilika mwaka 1990, lililalamikiwa kwa sababu kingo zake zilionekana kuwachoma majirani. Nyumbani inatosha kuigeuza meza kidogo, jambo ambalo magoti ya watoto pia yatalishukuru.

Jikoni, moto na maji havipendi kukaribiana, kwa hiyo acha nafasi ya kufanyia kazi kati ya jiko na sinki. Isipowezekana, ubao wa kukatia wa mti kati yake huhesabiwa kuwa msuluhishi, kwa kuwa maji hulisha mti na mti hulisha moto. Chooni, kifuniko kishushwe na mlango ufungwe. Hapana zaidi ya hayo.

Asili tano, ramani ya pembe nane na tamaa ya kununua

Mti, moto, udongo, metali na maji ndizo asili tano, nazo hutumika kuchagua rangi na vifaa. Zikitumiwa kwa wepesi husaidia: chumba cha metali na rangi nyeupe tupu hulainika kikipata mti, na chumba chenye wekundu mwingi hutulia kikipunguziwa moto. Zikitumiwa kwa ukali humgeuza mwenye nyumba kuwa mtumwa wa jedwali.

Ramani ya pembe nane iitwayo bagua hugawa nyumba katika maeneo kama vile mali, ndoa, elimu na safari. Kabla ya kuifuata, ijulikane kwamba shule hazikubaliani. Shule ya dira hupima mielekeo kwa luopani, dira ya Kichina yenye duara nyingi za alama, ilhali njia iliyoenezwa Marekani na Lin Yun huipanga ramani hiyo kwa kufuata mlango wa kuingilia, bila kujali kaskazini ni wapi. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na kona mbili tofauti za mali. Chagua njia moja au usichague yoyote, ila usizichanganye. Ukipima kwa dira ya simu, simama mbali na jokofu, nondo za madirisha na magari, kwa kuwa chuma hupotosha dira.

Kabla ya kununua pambo lolote la fengshui, kaa mwezi mmoja na nyumba iliyopunguzwa. Mmea mmoja ulio hai unaomwagiliwa, au taa moja katika kona yenye giza uliyoiwekea alama, hufanya kazi kuliko seti nzima ya vinyago vya bahati, na kwa kila kinachoingia, kimoja cha aina yake kitoke.

Kuhusu vile vitu vichache ulivyoshindwa kabisa kuviamulia, viweke katika sanduku moja, si mawili, ulifunge kwa gundi ya karatasi na kuandika juu yake tarehe ya miezi 6 ijayo bila kuorodhesha kilichomo. Tarehe hiyo ikifika, keti chini kabla ya kulifungua na uandike kwa kumbukumbu yako vitu unavyovikumbuka. Vilivyo kwenye karatasi vitolewe na kupewa mahali pake. Sanduku na vilivyosalia ndani yake vipelekwe kwa mwingine siku hiyohiyo, kisha lichukue tena lile beseni na uingie nalo kutoka mlango wa mbele.